Siku Tano za Maji ya Luyeye

Asubuhi katika kijiji cha Koko Asma huanza na jogoo mmoja mkorofi, kisha michi. Kabla jua halijachomoza nyuma ya milima, wanawake wameshashika vinu, twa, twa, twa, na mtoto anayetaka kuendelea kulala atafute masikio mengine. Chadia, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa mmoja wa watoto hao. Kwao ni mjini Kasongo, ambako baba yake ana duka la vitambaa. Mwaka huu alikuja kukaa vakansi, likizo ya kiangazi, kwa koko wake, yaani mama wa mama yake, katika kijiji kilicho juu ya mji mdogo wa Wamaza, mahali ambapo pikipiki hufika ikitaka, na isipotaka haifiki.

Kila asubuhi Chadia alifagia uwanja, akabeba ndoo, akapanda kuteka maji kwenye kijito kinachoitwa Luyeye. Luyeye ni kijito tu, lakini usikidharau. Kinatoka juu mlimani, kusiko na nyumba wala shamba. Kinateremka kwa kelele kati ya miamba mikubwa kuliko nyumba, kinaingia msituni, kinatoka tena. Maji yake ni ya baridi ya kuuma meno hata jua linapowaka. Sehemu ya juu watu huteka maji ya kunywa. Sehemu ya chini, baada ya kona, kuna kidimbwi cha kulowekea mihogo. Hakuna anayethubutu kuchanganya sehemu hizo mbili.

"Mimi naweza!" Hilo ndilo lilikuwa neno la Chadia. Ukimwambia ndoo ni nzito: mimi naweza. Ukimwambia njia inateleza: mimi naweza. Na tuseme haki, mara nyingi aliweza kweli. Lakini siku aliyoondoka Kasongo, mama yake alimcheka mlangoni. "Wewe utatwanga unga? Utaniletea malengelenge tu!" Chadia akaapa mbele ya mdogo wake Iliasi, mwenye miaka mitatu, kwamba kabla vakansi haijaisha, mama atapika bugali wa unga uliotoka mikononi mwake. Iliasi akapiga makofi. Huyo hupigia makofi kitu chochote kinachohusu chakula.

Basi, Alhamisi moja ikaja habari kwamba kuna msiba ng'ambo ya mlima. Koko Asma akafunga kitambaa chake kichwani, akamwita Chadia penye lundo la mihogo iliyong'olewa jana yake.

"Nakwenda matanga, mjukuu wangu. Nitarudi Alhamisi ijayo. Aimée atalala hapa nawe, na mama yake atawapikia. Mihogo hii iko yako. Imenye leo, iloweke leo leo. Ikae majini siku tano, kisha uianike, uitwange. Djamali anashuka Kasongo na pikipiki yake Ijumaa ya wiki ijayo, alfajiri. Ukifanya hivyo, unga wa mama yako utakuwa tayari."

"Siku tano, Koko? Mama analoweka tatu tu!"

"Mama yako analoweka kwenye pipa, juani, huko Kasongo. Maji yake yanapata joto. Luyeye haina joto, hata jiwe linatetemeka mule ndani. Tena mihogo yetu ni ile michungu, nyani wenyewe wanaikimbia. Maji ndiyo yanayoutoa uchungu ule, na kwetu yanataka siku tano. Halafu unaiuliza kwa ulimi. Tafuna kipande kidogo. Ukisikia uchungu, tema, uirudishe majini. Umenisikia?"

"Nimesikia, Koko. Mimi naweza!"

Koko akaenda zake na fimbo yake, taratibu, maana goti lake moja lilikuwa linamsumbua.

Sasa sikilizeni mambo. Alhamisi ile Chadia na Aimée, binti wa jirani aliyekuwa wa rika lake, walimenya mihogo sita. Sita! Kisha jua likawa kali, wakaenda kuoga kwenye Luyeye. Huko kuna mwamba laini unaoteleza, mtu anakaa juu yake, maji yanamsukuma, anatua chini chubwi! Hakuna mchezo kama huo mjini Kasongo. Ijumaa walirudi mwambani. Jumamosi, Aimée akasema, "Chadia, mihogo." Chadia akajibu, "Kesho." Jumapili, Aimée alipotoka kanisani, walikuta mihogo mingine imeanza kupiga mistari myeusi. Wakashtuka. Wakamenya mbiombio, wakaipeleka kidimbwini, wakaigandamiza kwa mawe isichukuliwe na maji.

Jumanne Chadia alikaa juu ya kinu, akahesabu kwa vidole. Mihogo ingekaa siku tano, ingetoka Ijumaa. Ijumaa Djamali atakuwa ameshaondoka, na hatarudi huku mpaka vakansi iishe. Mama atacheka tena. Lakini Koko yeye atahesabu tangu Alhamisi. Kutoka Alhamisi hadi Jumanne ni siku ngapi? Tano! Chadia akasimama, akaenda kumwita Aimée.

Kidimbwini, Aimée aliminya muhogo mmoja kwa vidole. "Iko ngumu kama jiwe."

"Kasongo ni siku tatu," Chadia akasema. "Na mbili ziko karibu na tatu."

"Na tano je?"

"Aimée, wewe unasoma hesabu ili unisumbue mimi?"

"Basi iulize kwa ulimi, kama koko wako alivyosema."

Chadia akakata kipande, akatafuna. Uchungu ukamshika taya. Akageuka upande, akatema nyuma ya jiwe, akajifuta mdomo. "Tamu," akasema.

Aimée alimtazama sana. "Mimi simo," akasema, lakini akamsaidia kubeba.

Walikata vipande vyembamba kama karatasi ili vikauke upesi, wakavitandaza kwenye miamba yenye moto wa jua. Alhamisi asubuhi Chadia akaanza kutwanga. Alitwanga kwelikweli, malengelenge yakatoka, hakuacha. Hapo ndipo Koko Asma aliporudi, amechoka, ana vumbi hadi magotini.

"Ee! Mutoto wa mujini anatwanga!" Koko alicheka kwa furaha. "Imelala majini siku ngapi?"

"Tano, Koko."

"Uliiuliza kwa ulimi?"

"Niliiuliza, Koko. Tamu."

Koko akanyoosha mkono kuchota unga kidogo auonje. Mkono ukafika nusu, akaurudisha. "Aka, kwa nini nionje? Neno la mjukuu wangu linanitosha." Akamshika kichwa, akambariki.

Chadia alijisikia vibaya sana. Angeweza kusema pale pale. Lakini unga ulikuwa mweupe, Koko alikuwa na furaha, na Chadia akaendelea kutwanga. Ijumaa alfajiri Djamali alifunga mfuko wa unga nyuma ya pikipiki yake, juu ya magunia ya karanga. "Nitalala njiani," akasema, "kesho jioni, Mungu akipenda, mama yako anao mkononi." Akaondoka na moshi wake.

Jumamosi, jua lilipokuwa utosini, Mado alikuja kusalimia. Mado ni fundi wa kushona wa kijiji, mwanamke kijana mwenye maneno ya kuchekesha. Anatembea na fimbo mbili, kwa ncha za vidole, na magoti yake yanagongana kila hatua. Watoto hawakuwahi kumwuliza sababu. Wengine walinong'ona kwamba alirogwa, basi, yakaishia hapo.

"Nimesikia iko fundi mpya wa unga," Mado alisema akikaa kwenye kigoda. Akapitisha kidole ndani ya kinu, mahali unga kidogo ulipobaki, akakiweka ulimini. Kicheko kikamtoka usoni. Akatema, akasukutua mdomo kwa maji.

"Chadia. Mihogo hii ililala majini siku ngapi?"

"Tano, yaya Mado," akajibu; yaya kwao ni dada mkubwa.

"Usinidanganye mimi. Ladha hii naijua kuliko jina langu. Ndiyo iliyokula miguu yangu."

Chadia hakuelewa. Mado akagonga goti lake kwa fimbo.

"Nilikuwa na miaka tisa, nakimbia kukushinda wewe. Mwaka ule kulikuwa na vita, tukajificha msituni. Hatukuwa na nafasi ya kungoja maji. Tuliloweka usiku mmoja, tukala. Hatukuwa na samaki wala maharage, ni bugali huo mchungu tu, asubuhi na jioni, majuma kwa majuma. Siku moja nikaamka, nikaiambia miguu simama, ikakataa. Watu wakasema ni uchawi, wakamwonea shangazi yangu bure, maskini. Infirmier, yaani muuguzi, ndiye aliyetuambia ukweli. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na ni sumu ya mihogo isiyolala vizuri majini. Miguu ikishakauka hivi hairudi tena."

"Lakini... ukila mara moja tu?"

"Mara moja haikukaushi miguu. Lakini ikiwa kali, mtu mzima anatapika, kichwa kinazunguka. Mtoto mdogo anaweza kufa, Chadia. Unga wenyewe uko wapi?"

Chadia akamwona Iliasi. Alimwona vile vile alivyo, anakaa mbele ya sahani kabla ya watu wote, analamba hata vidole vya mwenzake. Machozi yakamjaa.

"Uko njiani. Unakwenda kwa mama."

Mado hakugomba. Alimwelekeza kwa fimbo kule nyuma ya nyumba, ambako Koko alikuwa akimenya karanga. "Mimi ningeweza kumwambia. Lakini uongo ni wako, nenda uutoe mwenyewe. Kimbia, wewe unayo miguu."

Chadia akakimbia. Alifika mbele ya Koko, akapiga magoti, akayasema yote kwa pumzi moja: mwamba wa kuteleza, Jumapili, siku mbili, kipande alichotema nyuma ya jiwe. Alidhani Koko atampiga. Koko alikuwa na karanga moja mkononi. Kisha akaitia bakulini, akaingia ndani, akatoka na simu yake ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Majuto ni mjukuu," alisema, "na mjukuu mwenyewe ndiye huyu hapa. Sikiliza. Rezo ya simu iko juu tu, kwenye jiwe kubwa kunakoanzia Luyeye. Njia ya kuzunguka mlima ni ndefu, Djamali atafika kabla yenu. Fuateni maji. Goti langu halifiki huko, kwa hiyo utakwenda wewe na Aimée. Simu ina umeme kidogo, usiiwashe mpaka mfike. Kulia utalia baadaye. Sasa tembea!"

Wakatembea. Mwanzo ilikuwa njia wanayoijua, mwamba wa kuteleza, mahali pa kuteka maji. Chadia alipita mwambani pale bila hata kuutazama. Baada ya hapo hakuna njia. Luyeye ilikuja ikiwapigia kelele kutoka juu, nao wakapanda ndani yake, maji magotini, wakishika mizizi na kona za mawe. Mabonde yalikuwa membamba, jua halifiki chini. Nyani walibweka upande wa pili, kisha wakanyamaza kuwatazama. Penye maporomoko, mawe yote yalikuwa na utelezi wa kijani. Aimée aliteleza, akachubuka goti.

"Turudi, Chadia. Hapa watu hawapandi."

"Wewe ngoja hapa. Mimi..." Alitaka kusema mimi naweza, akasita. Akatazama juu. Urefu wa maporomoko ulikuwa kama wa nyumba mbili. "Mimi sijui kama naweza," akasema, "lakini Iliasi hajui kusoma ladha ya sumu. Nisukume hapa chini ya mguu."

Aimée akamsukuma, kisha akaja nyuma yake akiguna na kumlaumu, maana rafiki wa kweli hulaumu huku akipanda. Walitoka juu ya maporomoko wameloa hadi nywele, meno yanagongana. Miti ikapungua. Luyeye ikawa nyembamba, mtu anaivuka kwa hatua moja, na mwisho wakaiona ikitoka chini ya jiwe kubwa jeusi, kimya kabisa, kama si yenyewe iliyokuwa ikipiga kelele kule chini. Walipanda juu ya jiwe. Jua lilikuwa limeinama upande wa mto Lualaba.

Chadia akawasha simu. Akapiga, ikakataa. Akapiga tena, ikaita, ikaita, ikaita.

"Alo?"

"Mama! Ni mimi!"

"Chadia! Mutoto wangu! Djamali ametoka hapa sasa hivi. Unga mweupe kama nini! Sufuria iko motoni, mdogo wako ameshavaa sahani kichwani kama kofia!"

"Mama, usipike! Usipike, mama!"

"Nini? Sikusikii vizuri."

"Unga ni mbaya! Una sumu! Ulilala majini siku mbili tu. Nilimdanganya Koko. Usimpe Iliasi, usimpe mtu!"

Chadia alidhani rezo imekatika. Kisha sauti ya mama ikarudi, ndogo, taratibu.

"Niliuonja, Chadia. Niliusikia mchungu. Nikasema moyoni, mutoto wangu ametoka jasho kwa unga huu, nami nilimcheka. Nikiumwaga nitamvunja moyo. Tutaula hivyo hivyo."

Chadia akakaa chini juu ya jiwe. "Uumwage, mama," akasema akilia. "Uufukie, hata kuku wasiupate."

"Nimeshautoa jikoni. Iliasi atakula mchele leo. Nyamaza, mama yangu, umefanya vizuri kusema. Umenisikia? Umefanya vi..." Simu ikazimika. Umeme ulikwisha.

Aimée alimshika bega. Chadia alilia mpaka akatosheka, kisha akanywa maji ya Luyeye pale pale yanapozaliwa, wakateremka kwa njia ya kuzunguka kabla giza halijaingia.

Walimkuta Koko Asma penye kidimbwi. Sijui goti lile lilifikaje. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kikapu cha mihogo mipya pembeni, ameshamenya nusu.

"Mama hajapika," Chadia akasema. "Amemwaga."

"Alhamdulillahi." Koko akafumba macho kidogo. Halafu akamtupia muhogo na kisu. "Menya."

Wakamenya wote watatu. Koko akaanza kusema, bila ukali, kisu chake kikiendelea na kazi.

"Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako ilitaka kufika Kasongo kwa pikipiki! Sikiliza, mjukuu wangu. Wewe si mvivu, nimeyaona malengelenge yako. Ulitwanga kama mwanamke mzima. Lakini kutwanga hakuondoi sumu, hata ukitwanga mwezi. Maji haya hayana haraka, wala hayadanganyi. Ukiyapa siku mbili, yanakufanyia kazi ya siku mbili. Ulimi wako nao ulikuambia kweli, wewe ukaukatalia. Chakula ni amana. Anayekula hakuoni ulipokuwa ukikifanya, anakula neno lako. Na mama yako alikuwa tayari kula uchungu kwa sababu ya kukupenda wewe."

"Nisamehe, Koko."

"Nimeshakusamehe. Na mimi nilikosa. Nilirudisha mkono wangu. Kuonja si kumdharau mutu."

Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Chadia alipita kidimbwini kila asubuhi na ndoo yake, akayatazama mawe yaliyokandamiza mihogo, akaenda zake. Alikuwa amemwomba Mado amsimulie tena habari ya konzo, safari hii mbele ya watoto wote wa kijiji, na tangu siku hiyo hakuna aliyenong'ona tena habari ya uchawi.

Alhamisi, siku ya tano, alishuka na Koko na Aimée. Akatia mikono katika maji ya baridi, akatoa muhogo mmoja. Ulipondeka vidoleni. Akatafuna kipande taratibu, akautafuta uchungu kila kona ya mdomo, hakuuona.

"Siku ngapi?" Koko akauliza.

"Tano, Koko. Lakini usiniamini. Onja."

Akamnyooshea kipande. Koko Asma akakipokea, akakitafuna kwa muda mrefu mno, huku akimtazama mjukuu wake machoni. Kisha akameza.

"Tano," akasema. "Ukiniambia tano mara nyingine, Chadia, nitaamini. Na bado nitaonja."